Mpiga Besi ni Mtumishi wa Waimbaji

Mhadhara uliotolewa Puta, ufuko wa Ziwa Mweru, mbele ya viongozi wa makanisa, walimu wa kwaya na wapiga vyombo

  

Wachungaji na mapadri mnaotuongoza, wazee wa makanisa, mama zetu, walimu wa kwaya, na ninyi vijana wapiga vyombo mliokaa huko nyuma karibu na spika: nawasalimu nyote kwa heshima. Tumeketi katika nchi ya Chifu Puta, kwa hiyo shukrani zangu za kwanza ni kwa wenyeji wetu Wabwile waliotupokea. Nawasalimu pia ndugu waliovuka mpaka kutoka Pweto, upande wa Kongo, waliopanda kutoka Nchelenge, Kashikishi na Mununga, na wale waliotoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa kuwa ni lugha inayowakutanisha waimbaji wengi wa pande zote mbili za ziwa. Watakaowafafanulia jirani zao kwa Kibemba na Kibwile, Mungu awabariki.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mpiga besi anawatumikia waimbaji kabla hajamfurahisha msikilizaji yeyote, na kwamba kanisa linalotaka mkutano wote uimbe, si kwaya peke yake, lina sababu ya kumtafuta mtu huyo, kumfundisha na kumtunza. Nayasema haya sasa kwa kuwa naona tunaanza kumwacha. Kinanda cha umeme kinakuja na midundo iliyopangwa kiwandani, na besi yake imo ndani. Mpigaji anabonyeza kwa mkono wa kushoto, mashine inamalizia. Wazee wanaoshika mfuko wa kanisa wanauliza: ya nini tena gita la besi, amplifaya na spika kubwa? Hilo ni swali la haki kwa kanisa lenye sadaka ndogo, na linastahili jibu la kueleweka.

Hoja ya kwanza: besi ndiyo inayozipa sauti za juu maana yake

Hili siwezi kulieleza kwa maneno matupu, kwa hiyo naomba msaada wenu. Akina mama wa upande huu, shikeni do. Akina baba wa sauti ya tatu, shikeni mi iliyo chini yake. Vuteni pumzi, shikilieni, wala msibadilishe chochote hata mkisikia nini. Nawe kijana wa besi, anza na do, halafu shuka la, halafu shuka tena fa. Kila nota ikae kidogo.

(Ukumbi uliimba.)

Mmesikia wenyewe. Besi ilipokuwa kwenye do, wimbo ulikuwa umefika nyumbani na kutulia. Iliposhuka la, akina mama wawili hapa mbele wamekunja uso kidogo, nimewaona, kwa sababu huzuni imeingia. Ilipofika fa, sauti zile zile zikawa kama zinadai kwenda mahali pengine. Na waimbaji hawakusogea hata nusu ya nota. Aliyebadilisha habari yote ni mtu mmoja aliyesimama pembeni, kwa vidole viwili vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto.

Ndiyo maana walimu wazuri wa tonika solfa, wanapopanga wimbo wa sauti nne, huandika kwanza sauti ya kwanza na sauti ya nne, kisha ndipo wanajaza za katikati. Watunzi wa kanisa huko Ulaya walilijua jambo hili zamani. Katika karne ya 17 na ya 18 ilikuwa desturi mtunzi ampe mpiga kinanda mstari wa besi tu, na tarakimu ndogo zimeandikwa juu au chini yake, naye mpigaji alijaza mengine kwa akili yake. Johann Sebastian Bach, aliyesimamia muziki wa makanisa ya Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, alifanya kazi na wanamuziki waliosoma hivyo. Hawakuona shida kuacha nota za katikati bila kuandikwa. Mstari wa besi hawakuuacha.

Kwa hiyo, mwalimu wa kwaya, unapomkabidhi gita la besi kijana asiyejua wimbo, ukisema "fuata tu", elewa kwamba umemkabidhi mamlaka juu ya kila sauti uliyoifundisha kwa wiki nzima.

Hoja ya pili: besi inaushika mkutano mzima

Kila mwalimu aliyefundisha kwaya bila vyombo anajua kushuka kwa ufunguo. Mnaanza beti ya kwanza mahali pazuri, mkifika ya nne sauti ya kwanza inaimba kwa raha isiyo ya kawaida, na sauti ya nne imezama hadi haisikiki. Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja alimsikiliza jirani yake, na jirani alikuwa amelegea kidogo.

Sisemi haya kuwakosoa ndugu zetu wanaoimba bila vyombo. Wapo Waadventista, wapo ndugu wa makusanyiko yaliyotokana na kazi ya Dan Crawford, yule mmisionari aliyekaa Luanza, ng'ambo ya ziwa hili, hadi alipofariki mwaka 1926. Uimbaji wao ni shule kwetu sote. Lakini hata kwao waulizeni: ni sauti ipi ikiyumba, kwaya yote inayumba? Watawajibu bila kusita kwamba ni ya nne. Kazi ninayoizungumzia ilikuwepo kabla ya nyaya na amplifaya. Ilifanywa na kifua cha mwanamume. Gita la besi limeipokea kazi hiyo na kuishusha chini zaidi.

Chini kiasi gani? Mwimbaji wa sauti ya nne aliye mzuri anashuka mpaka kwenye mitetemo kama 82 kwa sekunde. Waya mnene wa gita la besi, ukiachwa wazi, unatetema mara 41 hivi, yaani oktava nzima chini yake. Wimbi la sauti hiyo angani lina urefu wa karibu mita 8. Wimbi la ukubwa huo halizuiwi na nguzo wala na safu ya watu waliosimama. Sauti nyembamba humezwa na nguo na miili, na ndiyo sababu mtu wa benchi la nyuma analalamika kwamba hasikii maneno ya kwaya hali kanisa limejaa. Besi inamfikia. Mama aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hata kama hasikii kinanda wala solo, anajua wimbo uko kwenye nota gani na hatua inaangukia wapi. Nyavu zenu zina vyelezo juu na chubwi chini. Anayetazama ziwa anaviona vyelezo, lakini wavuvi mnajua wavu usio na chubwi unavyojikunja.

Historia inayo mfano wa ajabu kidogo. Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, katika karne ya 18, yalikuwepo makanisa ya Kiprotestanti yaliyokataa kabisa vyombo katika ibada. Kinanda hakikuruhusiwa. Fidla waliiona chombo cha ngoma za starehe. Lakini uimbaji wao ulikuwa umeharibika, kila mtu akienda na ufunguo wake, na walipoanza kulegeza sheria, katika makanisa mengi chombo cha kwanza kupita mlangoni kilikuwa besi kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Watu waliiita besi ya kanisa, wakaiweka karibu na waimbaji. Hawakuileta kwa ajili ya burudani. Waliileta kwa kuwa waimbaji walihitaji mahali pa kusimama.

Hoja ya tatu: mtu anasubiri, mashine haisubiri

Sasa nalijibu lile swali la wazee wa fedha.

Kinanda chenye midundo ya kiwandani ni msaada mkubwa. Kanisa dogo lenye mpigaji mmoja likikipata, limshukuru Mungu. Tatizo linaanza mkutano unapoimba kama mkutano wa watu wa kweli. Bibi mmoja anapenda neno fulani la wimbo na kulivuta. Wazee wote wanamfuata. Mwisho wa beti watu wanapumua, na pumzi ya watu mia tatu haifuati hesabu ya mashine. Mashine imeshaingia kwenye beti inayofuata. Nimeyaona haya katika makanisa mengi: kiongozi anawahimiza watu waharakishe, watu wanaharakisha, na baada ya miezi michache hakuna tena anayelivuta lile neno. Uimbaji umejifunza kuutii mdundo uliopangwa na mtu asiyejua kwamba sisi tupo.

Mpiga besi aliyefundishwa vizuri anatazama midomo. Akiona pumzi imechelewa, anaishikilia nota ya mwisho, au ananyamaza kabisa, kisha anaingia na watu. Kiongozi akirudia kiitikio mara ya tano bila kupanga, kwa kuwa Roho ameugusa mkutano, besi inarudi naye. Mtu wa dramu anamsikiliza mpiga besi, na mtu wa kinanda anamsikiliza pia, kwa hiyo mtu mmoja anayewajali waimbaji anatosha kuwageuza wapigaji wote wawajali. Hiyo ndiyo tofauti, wazee wangu. Mnaponunua gita la besi hamnunui sauti ya chini tu, maana hiyo mnayo tayari ndani ya kinanda. Mnajipatia masikio ya mtu.

Na kwa wale wanaotazama gharama, kuna jambo la kuzingatia kabla ya kununua spika. Sauti ya chini inahitaji spika pana na nguvu nyingi kuliko sauti ya juu. Spika ndogo ya kinanda haiwezi kuitoa nota ile ya mitetemo 41. Sikio letu, kwa uwezo aliolipa Muumba, linaibuni sauti ya chini kutokana na zile za juu zinazoandamana nayo, na ndiyo maana hata kwenye simu ndogo unadhani unaisikia besi. Lakini kudhani si sawa na kubebwa. Bora spika moja pana iliyonunuliwa kwa kuchanga makanisa mawili kuliko nne ndogo za kupigia kelele.

Hoja ya nne: besi ni ya kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jeraha.

Wazee wengi waliokulia katika misheni walifundishwa kwamba gita, na hasa besi, ni vitu vya baa. Naelewa hofu yao ilikotoka. Muziki wa kalindula ulikua katika vijiji na miji ya jimbo hili la Luapula na majirani zake, na ulipigwa penye pombe. Lakini tuutazame kwa utulivu. Kalindula ni jina la chombo kabla ya kuwa jina la muziki, na chombo hicho ni besi: gita kubwa la kutengenezwa kwa mikono, lenye sauti nzito. Ndugu yake ni babatoni, anayejulikana hapa na hadi Malawi. Mafundi walitumia walichonacho: mbao, bati, ngozi ya kuwambwa, waya wa breki ya baiskeli. Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda alipoagiza redio ya taifa ipige zaidi muziki wa nyumbani, bendi za mtindo huu zilipata nafasi, na Spokes Chola na Mansa Radio Band wakaipeleka sauti ya Luapula nchi nzima.

Hebu fikirini. Zipo nchi ambazo muziki wake unaitwa kwa jina la ngoma, au la filimbi, au la dansi. Watu wa huku waliuita muziki wao kwa jina la besi. Walijua kilichoubeba.

Ng'ambo ya ziwa, Katanga, kuna ushahidi mwingine. Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulimtangaza mbali. Aliimba Kiswahili, akiwa na gita moja na vidole viwili: gumba na cha shahada. Wapiga gita wa dunia nzima bado wanajifunza mkono wake. Kisikilizeni kidole gumba. Hakilali. Kinatembea chini, hatua kwa hatua, wakati kidole cha shahada kinacheza juu yake, na ukikiondoa, wimbo unabaki mifupa mitupu. Mtu wa Katanga hakuhitaji kuletewa besi ndani ya sanduku kutoka Marekani, ambako Leo Fender alianza kuuza gita lake la besi la umeme mwaka 1951. Besi ilikuwa tayari katika gumba lake.

Kwa hiyo mzee anayesema besi imetoka baa anasema sehemu tu ya ukweli. Ilikaa baa kwa sababu kanisa halikuifungulia mlango. Na makanisa yenyewe yamebadilika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliruhusu vyombo vingine zaidi ya kinanda cha mabomba, mradi vifae kwa ibada na vikubaliwe na wenye mamlaka. Kigezo ni kufaa, si mahali chombo kilipotoka. Mimi nakubaliana nacho kabisa, na nataka kitumike kwa ukali ule ule juu ya kinanda cha kiwandani.

Tena nikumbushe jambo moja kuhusu ndugu wa Mantapala. Wazee wa kwaya hapa mnakumbuka kanda za Kwaya ya Barabara ya 13 kutoka Ulyankulu, Tabora. Ulyankulu ni mahali palipofunguliwa mwaka 1972 kuwapokea wakimbizi wa Burundi. Watu walifika na nguo za mwilini, wakalima, wakajenga, wakaimba, na uimbaji wao ukafundisha kwaya za Tanzania nzima na zaidi. Mantapala ilianza kupokea watu mwaka 2018, baada ya vita na mauaji kuwatoa katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo. Wamekuja na vidole vilivyokwisha kujua kazi. Makanisa ya wenyeji, msiwaache vijana hawa wakae bila chombo kwa sababu tu hawana cha kwao.

Hoja ya tano: atajwe kwa jina

Hii ni fupi. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 15, Daudi anapolipandisha sanduku la agano, Walawi wanagawanywa katika vikundi vya waimbaji na wapigaji. Wapo wenye matoazi. Wapo wenye vinanda vya Alamothi, na wapo wenye vinubi vya Sheminithi. Wafasiri wengi wanafahamu kwamba Alamothi ni sauti ya juu, na Sheminithi, neno lenye maana ya nane ndani yake, ni oktava ya chini. Kama ndivyo, wapiga besi wa siku ile wako sita, na mwandishi hakuridhika kusema "na wengineo". Anawataja: Matithia, Elifelehu, Mikneya, Obed-edomu, Yeieli na Azazia. Isitoshe, anasema kazi yao ilikuwa kuongoza.

Linganisheni na desturi ya dunia. James Jamerson, ambaye besi yake iko katika nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown za miaka ya 1960, alipiga miaka yote hiyo bila jina lake kuandikwa kwenye jalada la sahani. Liliandikwa mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye iitwayo "What's Going On". Mamilioni walikuwa wameshacheza kwa vidole vyake bila kujua kwamba yupo. Kanisa lisiige hilo. Siku ya kwaya mnapotangaza mwalimu, mwimbishaji na mpiga solo, mtangazeni na yule aliyesimama karibu na dramu.

Maneno kwa wapiga besi wenyewe

Nimewatetea, sasa nina haki ya kuwadai.

Kwanza, besi ikizidi, maneno yanakufa. Watu wanatoka ibadani vifua vinatetemeka na hawajui wameimba nini. Kabla ya ibada mtume mtu akae benchi la mwisho wakati kwaya inaimba. Kama hasikii kila neno la beti, punguza wewe kwanza, usimtazame fundi wa mitambo. Kanisa likijaa, utaongeza kidogo. Kanisa la bati likiwa tupu linavuma, na anayepima sauti katika ukumbi mtupu tu anajidanganya.

Pili, chini ya beti, piga kidogo. Nota mbili zinazokaa mahali pake zinatosha. Najua vijana wa pande zote mnapenda sebene, na siikatai. Wakati wa matoleo, watu wanapopeleka mazao na kuku mbele kwa kucheza, sebene ina kazi yake, na gita la besi lipande juu, lishuke, lijibizane na dramu. Lakini mama mjane anapoimba beti ya msiba, mkono wako ukipanda juu kwenye nyuzi nyembamba, umemwacha peke yake.

Tatu, jua wimbo wenyewe. Soma maneno. Jua beti ipi ni toba na ipi ni shukrani. Mpigaji asiyejua Kibemba akipiga wimbo wa Kibemba aombe aelezwe maana yake kabla, siyo baada.

Nne, tunza nyuzi. Nyuzi za besi ni ghali na dukani hapa karibu hazipatikani, kwa hiyo zikifa, zichemsheni. Zilegeze polepole, zitoe, zizungushe kama kamba, zitumbukize katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi hivi, kisha zifute kwa kitambaa kikavu mpaka kisirudi na weusi. Mafuta ya vidole na vumbi vilivyojaa katikati ya mizunguko ya waya vitatoka, na sauti itafufuka kwa wiki kadhaa. Zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi hukatika, kwa hiyo msifanye mchezo huo kila Jumamosi. Na kila mara pigeni mkiwa mmefuta mikono, hasa ninyi mnaotoka kuanua dagaa wetu wa chisense.

Tunakoelekea

Ninachopendekeza kinaendana na maisha ya ufuko huu. Kila mwaka, tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa upande wetu wa Zambia ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu vijana wengi wanakuwa nchi kavu, na ni miezi ya mvua, shughuli za jioni ni chache. Wazazi wanaijua miezi hii kwa wasiwasi wake. Naomba makanisa yaifanye kuwa msimu wa kufundisha besi.

Kila kanisa lichague vijana wawili, na mmoja wao awe msichana. Hakuna kitu katika chombo hiki kinachomtaka mwanamume. Kinataka vidole vyenye mazoea na masikio yenye subira. Mwezi wa kwanza wajifunze kuimba sauti ya nne, au kuisoma kwa solfa ikiwa koo lao ni la juu, bila kugusa chombo. Mwezi wa pili washike chombo, na hapo tusingoje umeme. Mawingu ya mvua yatafunika paneli za sola, jenereta itadai mafuta, ila kalindula haidai chochote. Wazee wanaojua bado kuitengeneza wapo, na nawaomba waitwe makanisani kama walimu, waheshimiwe kama walimu. Kijana aliyejifunza kusikia do, fa na so kwenye waya wa breki hatababaika akipewa gita la umeme. Mwezi wa tatu wapige pamoja na mkutano, katika ibada ndogo za katikati ya wiki, wakae karibu na waimbaji na si karibu na spika.

Makanisa yenye gita la besi linalolala kabatini kwa kukosa mpigaji, na nayajua zaidi ya moja, yaliazime kwa makanisa yenye mpigaji asiye na gita. Wachungaji wayazungumze haya katika vikao vyao bila kujali dhehebu. Ndugu wa Pweto, ninyi mna walimu wa magita kutuzidi. Njooni mtusaidie, nasi tutawapa malazi na chakula.

Walimu wa kwaya, kabla hamjaondoka leo, kila mmoja aketi na mchungaji wake, waandike majina mawili. Uvuvi unafungwa Desemba 1. Majina yawe mezani kabla ya siku hiyo.